Namba Yenye Uso Mmoja Mbele na Nyuma, na Walinzi Wake Watatu

Askari huishi katikati ya namba. Bunduki yake ina namba, kitambulisho chake kina namba, gari analolikagua barabarani lina namba, na jalada analolifungua kituoni lina namba. Akikosea herufi moja katika jina la mtu, msomaji aghalabu ataligundua kosa, kwa maana jina lililoharibika hupiga kelele. Namba iliyoharibika haipigi kelele. Bunduki namba 48217 ikiandikwa 48127, kitabu cha ghala hakitalalamika. Namba hiyo ya pili nayo ina sura ya ukweli, na yamkini ni bunduki nyingine kabisa, iliyokabidhiwa mtu mwingine asiye na hatia.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo tunalolizungumzia leo. Kwa tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, mwenye hatia huweza kuachiliwa na asiye na hatia akatiwa mbaroni. Na katika uwanja wa vita, mzinga huweza kuelekezwa kwa rafiki badala ya adui. Je, namba yaweza kujilinda yenyewe? Ili kulijibu swali hilo tumeichagua namba moja kubwa, yenye sura ya ajabu, nasi tutaifanya mwalimu wetu.

NAMBA YENYEWE

Namba yetu ni 12345678987654321. Msomaji ataona mara moja kwamba inapanda hatua kwa hatua kutoka 1 hadi 9, kisha inashuka kwa hatua zile zile hadi 1. Ukiisoma kutoka kushoto au kinyumenyume kutoka kulia, utapata namba ile ile. Wataalamu wa hesabu huziita namba za namna hii palindromu. Sisi hapa tutaziita namba-kioo, kwa sababu nusu yake moja ni taswira ya nusu ya pili.

Ni namba kubwa kweli kweli. Tukiigawa katika vikundi vya tarakimu tatu tatu tunapata 12,345,678,987,654,321. Lau mtu angeanza kuhesabu moja, mbili, tatu, akitamka namba moja kila sekunde, bila ya kulala wala kula, angehitaji zaidi ya miaka milioni 391 kuifikia.

Ina tarakimu 17. Je, namba-kioo zenye tarakimu 17 ni ngapi? Hesabu yake si ngumu. Ukishachagua tarakimu tisa za mwanzo, nane zilizobaki huna uhuru nazo, maadamu ni lazima zifuate kioo. Tarakimu ya kwanza haiwezi kuwa sifuri, hivyo ina nafasi 9. Kila moja katika nane zinazofuata ina nafasi 10. Jumla yake ni namba 900,000,000. Zaonekana kuwa nyingi, lakini katika namba zote zenye tarakimu 17, ni moja tu katika kila 100,000,000 iliyo namba-kioo. Kwa hiyo ukiikuta mahali, una haki ya kuuliza: imetoka wapi?

GWARIDE LA MRABA

Namba yetu haikuanguka kutoka mbinguni. Imezaliwa kwa kuizidisha 111,111,111 kwa yenyewe. Fikiri gwaride lililopangwa kwa umbo la mraba, yaani idadi ya mistari ni sawa na idadi ya askari katika kila mstari. Mistari 11 ya askari 11 hutoa askari 121. Mistari 111 ya askari 111 hutoa askari 12,321. Mistari 1,111 ya askari 1,111 hutoa 1,234,321. Tukiendelea hivyo hadi tarakimu za moja zifike tisa, gwaride letu litakuwa na askari 12,345,678,987,654,321, idadi ambayo dunia nzima haina watu wa kuitimiza.

Kwa nini matokeo yapande na kushuka kwa mpango namna hiyo? Jibu liko katika kuzidisha kule kule tulikofundishwa shuleni. Ukiizidisha 111 kwa 111 kwa kalamu na karatasi, utaandika 111 mara tatu, kila mstari ukisogea nafasi moja kushoto, mfano wa ngazi. Kisha utajumlisha safu wima moja moja. Safu ya kwanza kulia ina moja mmoja tu, ya pili ina wawili, ya katikati ina watatu, halafu wawili, halafu mmoja. Ndiyo 12321. Mistari ikiwa tisa, safu ya katikati hupata tisa, na kutoka hapo idadi hupungua pande zote mbili kwa usawa.

Jambo hili si geni kwa wanadamu. Karibu na mwaka 850, mtaalamu wa hesabu wa Bara Hindi aliyeitwa Mahavira aliieleza katika kitabu chake namba inayoanza na moja, ikapanda hadi sita, kisha ikashuka kwa utaratibu ule ule, yaani 12345654321. Hiyo ni ndugu mdogo wa namba yetu, nayo ni mraba wa 111,111.

SHAHIDI WA KUMI

Hapa tunawaomba wasomaji wetu, hasa wapelelezi, wasimame kidogo. Tumewaita mashahidi tisa, kutoka 1 hadi 111,111,111, na wote tisa wametoa ushahidi mmoja: mraba wa namba iliyoundwa na moja tupu ni namba-kioo inayopanda na kushuka. Mtu mwenye haraka angeifunga kesi hapo hapo na kutangaza kwamba ni sheria ya daima.

Sasa tumwite shahidi wa kumi. Tuchukue 1,111,111,111, yenye moja kumi, tuizidishe kwa yenyewe. Safu ya katikati sasa ina moja kumi, na kumi haikai katika nafasi ya tarakimu moja. Twaandika sifuri na kubeba moja kwenda safu ya kushoto. Safu hiyo ilikuwa na tisa. Ikipokea moja inakuwa kumi, nayo yaandika sifuri na kubeba moja. Safu inayofuata ilikuwa na nane. Sasa inakuwa tisa. Matokeo ni 1234567900987654321. Isome kinyumenyume, utaona kwamba kioo kimevunjika. Nane ya upande wa kushoto imetoweka, ilhali nane ya kulia ipo pale pale.

Mashahidi tisa hawakusema uongo. Kila mmoja alisema kweli juu ya nafsi yake. Kosa lingekuwa letu, kama tungegeuza makubaliano yao kuwa sheria bila ya kutafuta sababu. Anayeijua sababu, yaani kwamba safu moja haiwezi kubeba zaidi ya tisa, angetambua mapema kwamba wa kumi ataasi.

TUKIIFUNGUA NDANI

Namba, kama mashine ya bunduki, huweza kufunguliwa vipande vyake. Vipande vya mwisho visivyoweza kugawanyika tena huitwa namba tasa, kwa kuwa hazizai mafungu isipokuwa moja na zenyewe. Tuifungue 111,111,111. Kwanza ni 111 mara 1,001,001. Halafu 111 ni 3 mara 37; na 1,001,001 ni 3 mara 333,667. Zote mbili, 37 na 333,667, ni tasa. Kwa hiyo namba yetu kubwa, ikiwa ni mraba, imeundwa kwa 3 mara nne, 37 mara mbili, na 333,667 mara mbili, wala haina kipande kingine.

Kutokana na vipande hivyo, twaweza kuhesabu namba zote zinazoigawanya bila ya kubakiza kitu. Ni 45, tukiitia ndani 1 na namba yenyewe. Mbona idadi hiyo ni witiri? Kwa kawaida vigawo hutembea wawili wawili, kila kimoja na mwenzake, kama askari wa doria. Lakini katika mraba yupo mmoja ambaye mwenzake ni yeye mwenyewe. Hapa ni 111,111,111. Huyo ndiye anayeifanya idadi iwe witiri.

Lipo na jambo jingine linalopendeza. Jumlisha tarakimu zote za namba yetu: 1 na 2 na 3, hadi 9, kisha 8 hadi 1. Utapata 81, ambayo ni mraba wa 9. Izidishe namba yetu kwa hiyo 81, utapata mraba wa 999,999,999. Hiyo 81 tuishike vizuri, kwa sababu itatufaa hivi punde.

MLINZI WA KWANZA: KIOO

Tuseme namba yetu inatumwa kwa redio usiku, mawimbi yakiwa mabaya. Maneno "tatu" na "tano" hukaribiana masikioni. Mpokeaji anaandika 12345678987634321. Je, atajuaje kwamba amesikia vibaya?

Kwanza atazame kioo. Alinganishe tarakimu ya kwanza kushoto na ya kwanza kulia: 1 na 1, sawa. Ya pili: 2 na 2. Ya tatu, ya nne, sawa. Ya tano kutoka kushoto ni 5, ya tano kutoka kulia ni 3. Kengele imelia! Kioo kimemkamata adui, tena kimeonyesha mahali alipojificha.

Lakini kioo kina upofu wake. Chasema tu kwamba kati ya hawa wawili, mmoja ni mwongo. Hakisemi ni nani. Pili, kama pacha wote wawili wangekosewa kwa namna moja, 5 zote zikawa 3, kioo kingeona usawa na kunyamaza. Tatu, tarakimu ya katikati haina pacha. Tisa ile ikigeuzwa kuwa nne, kioo hakitajua. Kwa hiyo mlinzi huyu peke yake hatoshi.

MLINZI WA PILI: TISA

Mlinzi wa pili ni kongwe. Jumlisha tarakimu zote za namba, kisha jumla hiyo igawe kwa tisa. Baki utakalolipata ndilo baki la namba nzima ikigawanywa kwa tisa. Sababu yake ni nyepesi: kumi ni tisa na moja, mia ni tisini na tisa na moja, elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Ukiziondoa tisa zote, kila tarakimu inabaki na thamani yake tupu, pasipo kujali nafasi yake.

Turudi kwa mpokeaji wetu. Mtumaji alimtajia mwishoni kwamba jumla ya tarakimu ni 81. Yeye akijumlisha alizoziandika anapata 79. Kosa limethibitika. Akiigeuza 3 ya kulia kuwa 5, jumla inarudi 81. Akiigeuza 5 ya kushoto kuwa 3, jumla inashuka 77. Basi mwongo ni 3 ya kulia. Maadamu kosa ni la tarakimu moja tu, walinzi wawili kwa pamoja wamemkamata, wamemtambua, na wamemrudisha askari wa haki mahali pake, bila ya mtumaji kurudia hata neno moja. Kila mmoja peke yake asingeweza.

Lakini tisa naye ana upofu wake, tena ni upofu wa hatari kwa makarani wetu. Yeye hajali nafasi. Turudi kwa bunduki 48217 iliyoandikwa 48127. Jumla ya tarakimu za namba ya kwanza ni 22. Jumla ya za pili ni 22. Mlinzi amesinzia. Na bunduki hiyo si namba-kioo, hivyo mlinzi wa kwanza hana kazi hapa. Tumwite wa tatu.

MLINZI WA TATU: KUMI NA MOJA

Mlinzi huyu hutembea kwa hatua za kupishana. Anza kulia. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, na kuendelea. Kisha kando jumlisha ya pili, ya nne, ya sita. Toa jumla ya pili katika jumla ya kwanza. Kwa 48217, jumla ya kwanza ni 7 na 2 na 4, yaani 13. Ya pili ni 1 na 8, yaani 9. Tofauti ni 4. Kwa 48127, ya kwanza ni 7 na 1 na 4, yaani 12. Ya pili ni 2 na 8, yaani 10. Tofauti ni 2. Nne si mbili. Kosa limekamatwa. Tarakimu mbili jirani zisizofanana zikibadilishana nafasi, mlinzi huyu huamka daima.

Tofauti hiyo hueleza pia baki la namba ikigawanywa kwa 11. Tuipime namba yetu kubwa. Nafasi za witiri zina 1, 3, 5, 7, 9, 7, 5, 3, 1, jumla 41. Nafasi za shufwa zina 2, 4, 6, 8, 8, 6, 4, 2, jumla 40. Tofauti ni 1. Basi 12345678987654321 ikigawanywa kwa 11 hubakiza moja.

Kutoka hapa twaona sheria nzuri ya namba-kioo, na safari hii ni sheria yenye sababu. Namba-kioo yoyote yenye idadi shufwa ya tarakimu lazima igawanyike kwa 11. Mathalani 4774 ni 11 mara 434, na 730037 ni 11 mara 66,367. Kwa nini? Kwa sababu tarakimu zikiwa shufwa, pacha mmoja hukaa nafasi ya witiri na mwenzake nafasi ya shufwa. Kila mmoja humfuta mwenziwe, na tofauti huwa sifuri. Kwa hiyo, katika namba-kioo zote zenye tarakimu shufwa, namba tasa ni 11 peke yake. Hapa hatuhitaji kumsubiri shahidi wa kumi, wala wa milioni.

Upofu wa mlinzi wa tatu ni upi? Tarakimu zikibadilishana kwa kuruka moja katikati, zinabaki katika kundi lile lile, naye haoni kitu.

HATA MASHINE

Pengine msomaji atasema: siku hizi zipo kompyuta, mambo haya ya nini? Tunamwomba afanye jaribio. Aiandike namba yetu katika programu ya majedwali ya kompyuta, kama namba ya kawaida. Programu nyingi za aina hiyo huhifadhi tarakimu 15 tu. Atakachokikuta ni 12345678987654300. Mashine imezifuta tarakimu mbili za mwisho na kuweka sifuri, bila ya kuomba radhi. Lakini kioo kitaona mara moja, kwa maana hakuna namba ya kawaida inayoanza na sifuri. Na mlinzi wa pili atajumlisha, apate 78 badala ya 81. Karatasi na kalamu vimeikamata kompyuta.

Waliotengeneza mashine wanalijua jambo hili, ndiyo sababu nao huweka walinzi. Simu ya mkononi ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Katika simu iliyoibiwa, hiyo ndiyo alama anayoifuata mpelelezi. Tarakimu 14 za mwanzo ndizo namba hasa. Ya 15 ni mlinzi, iliyokokotolewa kutokana na zile 14 kwa njia ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1960. Njia hiyo hukamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila badiliko la tarakimu jirani. Hata hivyo nayo ina upofu: 09 ikiandikwa 90, haioni. Hakuna mlinzi asiyesinzia.

NENO LA MWISHO

Wasomaji wetu wataona kwamba hatukuichagua namba hii kwa uzuri wake tu. Uzuri wa sura ni jambo la kuvutia, lakini si ushahidi. Namba tisa zilikubaliana, ya kumi ikakataa. Kioo kilionyesha usawa, kumbe pacha wote wawili wangeweza kuwa waongo. Jumla ilitimia, kumbe tarakimu zilikuwa zimebadilishana nafasi. Kila kipimo kiliona jambo moja na kupofuka kwa jingine, na usalama ulipatikana vilipowekwa pamoja, kila kimoja kikilinda mahali mwenzake asipoona.

Si kazi kubwa. Anayeandika namba ya bunduki, ya gari au ya ramani, na aandike pembeni jumla ya tarakimu zake na ile tofauti ya kupishana. Anayepokea naye avipime tena kabla hajatia sahihi. Ni kazi ya dakika moja, nayo huenda ikaokoa miaka ya mtu gerezani, au uhai wa kikosi kizima.

Kwa wale wenye zamu ndefu ya usiku, tunawaachia zoezi. Ichukueni namba ya Mahavira, 12345654321. Tarakimu zake ni 11, idadi ya witiri, hivyo ile sheria ya shufwa haiihusu. Je, inagawanyika kwa 11 au haigawanyiki? Msitazame sura yake. Ipimeni.